Waliouguza bila Sare: Uhakiki wa Maandishi ya Sanamu ya Askari, Dar es Salaam

Msafiri atokaye Kiwalani kwenda mjini hufuata Barabara ya Nyerere, ile iliyojulikana zamani kwa jina la Barabara ya Pugu, hata akafika Kariakoo; na akiendelea mbele kidogo huiona Sanamu ya Askari katikati ya njia panda ya Mtaa wa Samora. Katika safari hiyo fupi amekwisha kupita penye kumbukumbu mbili za vita moja. Ya kwanza ni jina tu. Kariakoo ni jina la Kikosi cha Wapagazi cha Waingereza, kilichopiga kambi mahali hapo baada ya mji kutekwa mwezi Septemba 1916. Watu walilisikia neno la kigeni, wakalitia irabu zao, wakalifanya mtaa na soko. Ya pili ni shaba na jiwe: askari mwenye bunduki yake, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, iliyosimamishwa mwaka 1927. Ya kwanza haikuamriwa na mtu. Ya pili iliamriwa, ikapimwa, ikatiwa maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili, na ya hati ya Kiarabu, na maneno yake husemwa kuwa yalitungwa na Rudyard Kipling.

Maandishi hayo ni mafupi, lakini ni katika maandishi ya Kiswahili yaliyosomwa na watu wengi kupita vitabu vingi, maana yako wazi kwa kila apitaye, mwenye ada ya shule na asiye nayo. Kwa hiyo yafaa yahakikiwe kama yahakikiwavyo maandishi mengine: yanasema nini, yanamtaja nani, na yanamwacha nani. Uhakiki huu unalishika swali hilo la mwisho kwa upande mmoja tu, yaani kwa upande wa wale waliowauguza wagonjwa na majeruhi wa vita vile, wenye sare na wasio nayo.

Mpango wa maandishi ni huu. Kwanza wanatajwa askari wenyeji wa Afrika waliopigana. Kisha wanatajwa wapagazi, nao wanafananishwa na viungo vya mwili, miguu na mikono ya jeshi. Tatu wanatajwa wengine wote waliotumika na kufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Mwisho msomaji anasemezwa mwenyewe, anaahidiwa kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Mtu akisoma Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja ataona ya kuwa tafsiri ni aminifu, isipokuwa mahali pawili. Na mahali hapo pawili mfasiri hakuwa na hiari. Katika fungu la tatu Kiingereza kimetumia neno la wanaume. Kiswahili kimeandika watu. Katika ahadi ya mwisho Kiingereza kimetaja wana wa kiume peke yao. Kiswahili kimetaja wana, na mwana kwa Kiswahili ni wa kiume na wa kike pia. Huenda ikajibiwa kwamba Kiingereza cha zama zile kiliwahesabu wanawake ndani ya neno la wanaume kila palipokuwa na haja. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini haliingii vizuri hapa, maana katika lugha ya jeshi neno lile lilikuwa na maana nyembamba zaidi: lilikuwa ni askari wa chini na watumishi wa kikosi. Msomaji wa Kiingereza akisimama mbele ya sanamu hamwoni mwanamke yeyote katika maneno yale. Msomaji wa Kiswahili hazuiliwi kumwona.

Tofauti hiyo si hekima ya mfasiri, ni tabia ya lugha. Ngeli ya kwanza ya Kiswahili humkusanya kila kiumbe mwenye uhai, na kiambishi chake hakimwulizi kama ni mume au mke. Aliyetumika, waliokufa, watakaokumbukwa: maneno haya hayana jinsia. Basi lugha imefanya jambo ambalo waliolipia sanamu hawakuliagiza. Imeufungua mlango ambao Kiingereza kiliufunga. Swali ni je, ni nani angepaswa kuingia kwa mlango huo?

Wa kwanza ni wake za askari. Majeshi ya Kijerumani katika nchi hii hayakusafiri na askari peke yao. Nyuma yao walifuata wanawake na watoto, wakibeba vyombo na vyakula, wakipika, wakiteka maji, wakiwatazama wagonjwa wao, na wengine wakijifungua njiani. Waandishi wa historia wamelieleza sana jambo hili katika miaka ya karibuni, na Michelle Moyd amelipa nafasi kubwa katika kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya askari wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Hakuna jeshi lililowaandika wanawake hao katika daftari la uuguzi. Hawakupewa mshahara wa kazi hiyo, wala nguo yake, wala jina lake.

Wa pili ni wanaume wa hospitali. Katika kambi za wapagazi adui mkubwa hakuwa risasi, alikuwa kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Kwa hesabu rasmi za upande wa Uingereza wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, na walio wengi kwa maradhi. Waliowashika maji na kuwafunga vidonda walikuwa wanaume wa Kiafrika, wale ambao Kiswahili kiliwaita dresa, neno lililodumu katika zahanati zetu miaka mingi baada ya vita.

Wa tatu ni wanawake wa Kizungu waliojitolea. Uingereza ilikuwa imeunda vikosi vya wasaidizi wa kujitolea mwaka 1909, miaka mitano kabla ya vita, na sare yao ilijulikana kila mahali: gauni la buluu, aproni nyeupe yenye msalaba mwekundu kifuani, na kitambaa cheupe kichwani, wale wa chama cha Mtakatifu Yohana walivaa gauni la kijivu. Upande wa Kijerumani nao wake na mabinti wa walowezi waliingia hospitalini kuwasaidia masista waliofundishwa. Ada Schnee, mke wa gavana wa mwisho wa Kijerumani, alichapisha kumbukumbu zake za siku zile za vita mwaka 1918, kabla wino wa mikataba haujakauka. Hili lisisahauliwe. Wa kundi la tatu waliweza kujiandika wenyewe. Wa makundi mawili ya kwanza hawakuandika wala hawakuandikwa.

Hapo ndipo sitiari ya miguu na mikono inapoonyesha udhaifu wake. Ni sitiari yenye heshima, maana inakubali kwamba jeshi lisingekwenda hatua moja bila ya mpagazi. Lakini ni mwili wa kwenda na kubeba tu. Hauugui. Sanamu imelifanya jeshi kuwa mtu mwenye viungo vyote, kisha imesahau kwamba mtu mwenye viungo hujeruhiwa, na mguu ukijeruhiwa hufungwa na mkono wa mtu mwingine. Mwenye kutunga sitiari ya mwili hana budi kuifuata mpaka mwisho wake. Mwandishi wa maandishi haya aliishia njiani.

Kiswahili chenyewe kingaliweza kumsaidia, kwa kuwa kina kitenzi kinachostahili kuangaliwa sana. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuuguza ni umbo la kutendesha la kitenzi hicho, na kwa kanuni ya mnyambuliko lingepaswa kuwa na maana ya kumfanya mtu awe mgonjwa, kama vile kupungua huzaa kupunguza, na kuungua huzaa kuunguza. Aunguzaye chakula ndiye aliyekifanya kiungue. Lakini amuuguzaye mgonjwa siye aliyemtia ugonjwa. Ndiye aliyekaa naye katika ugonjwa wake. Mtu aweza kudhani hili ni kosa la lugha lililozoewa. Sivyo. Liko neno lingine la namna hiyo hiyo: kuzaa huzaa kuzalisha, na mkunga amzalishaye mwanamke hakumpa mimba, bali amemshika mkono mpaka mtoto akatoka. Basi katika mambo haya mawili makubwa, kuzaliwa na kuugua, umbo la kutendesha halionyeshi aliyesababisha. Linaonyesha aliyekuwa pamoja na mwenye shida, akaibeba shida hiyo naye hata ikaisha kwa njia moja au nyingine.

Watu wa mitaa ya Kiwalani hulitumia neno hili kila siku bila ya kufikiri sarufi yake. Mama akikosekana nyumbani wiki nzima kwa sababu dada yake amelazwa, jirani akiuliza habari zake hujibiwa, "Yuko hospitali, anauguza." Jibu limekwisha, na kila mtu ameelewa: analala chini ya kitanda au barazani, anafua, anapeleka uji, anamgeuza mgonjwa. Lakini hakuna atakayemwita mama huyo muuguzi. Muuguzi ni yule aliyevaa nguo rasmi, na katika mazungumzo huyo huitwa nesi, au sista akiwa mkubwa wa wodi. Kitenzi ni mali ya watu wote. Jina limekuwa mali ya wenye sare. Kati ya anauguza na ni muuguzi pana mshono wa nguo tu, na katika mshono huo ndipo wake za askari walipopotelea.

Neno sista linaonyesha njia ile ile kwa upande mwingine. Kwetu lina maana ya mtawa na maana ya mwuguzi mkuu, na maana zote mbili ziliingia pamoja na vazi. Watawa wa kike wa Kibenedikto walifika pwani hii mwaka 1888, na kituo cha kwanza cha shirika lao kilikuwa Pugu, katika barabara ile ile ipitayo karibu na Kiwalani. Kabla ya hospitali nyingi kuwako, watu walikuwa wamekwisha kuona mwanamke asiye ndugu akimhudumia mgonjwa asiye wake, naye amevaa nguo isiyo ya nyumbani. Nguo ndiyo iliyokuwa maelezo. Ilisema kwamba huyu hamtazami mgonjwa kwa undugu, bali kwa wito au kwa kazi.

Sasa neno sare. Yafaa kukumbuka kwamba asili ya matumizi yake si amri ya jeshi. Sare ni kulingana. Timu mbili zikifungana bao moja kwa moja zimetoka sare. Wanawake wakinunua kitambaa cha aina moja kwa ajili ya harusi, hiyo ni sare yao, na huko Kiwalani kama kwingineko Jumamosi haipiti bila ya kuiona. Sare hiyo haimweki mtu juu ya mwingine. Yasema hawa ni wa shughuli moja. Lugha ilipolichukua neno hili kulitia hospitalini na jeshini, ililitwisha kazi iliyo karibu kuwa kinyume: kumtenga mwenye cheo na asiye nacho, aliyeajiriwa na aliyekuja tu. Ndiyo maana neno yunifomu liliendelea kuishi kando yake, kwa kuwa halikubeba ile maana ya usawa.

Vita vile vyenyewe viliidhihaki sare. Meli za Uingereza zilipoifunga pwani, upande wa Kijerumani ulikosa nguo na dawa. Lettow-Vorbeck katika kumbukumbu zake za mwaka 1920 anaeleza jinsi pamba ilivyosokotwa na kufumwa humu nchini, na jinsi kitambaa kilivyotiwa rangi ya kaki kwa mti anaouandika ndaa. Naye anaeleza pia kwamba bandeji zilitengenezwa kwa magome ya miti. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita neno hilo bila ya kuukumbuka mdaa, ambao mizizi yake hutumiwa na wanawake wa pwani kutia rangi ukili wa mikeka. Kama ndio mti ule ule, basi elimu iliyompa askari rangi ya sare yake ilikuwa elimu ya wasuka mikeka. Na hata kama ni mti mwingine, mambo hayabadiliki: nguo ya jeshi na kitambaa cha kidonda vilitoka katika mikono ambayo maandishi ya sanamu hayakuitaja ilipotaja mikono.

Neno la tatu ni kujitolea. Siku hizi husemwa wauguzi wa kujitolea, na huonekana kuwa tafsiri nyepesi ya jambo la kigeni. Kwa hakika si tafsiri. Lugha nyingi za Ulaya zimelijenga neno lao juu ya kutaka: mtu amejipeleka kwa kuwa ametaka. Kiswahili kinalo neno la kutaka, nalo ni hiari, na methali yasema hiari yashinda utumwa. Lakini kujitolea kumejengwa juu ya kutoa. Kiambishi cha kujirejea na kauli ya kutendea vimekutana, na maana ni kwamba mtu amejitoa yeye mwenyewe kwa ajili ya kitu au mtu. Halihukumu kama alipendelea au hakupendelea. Linauliza alitoa nini. Kwa kipimo cha hiari, binti wa London aliyejiandikisha kwa mapenzi yake ndiye wa kujitolea, na mke wa askari aliyemfuata mumewe porini kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda siye. Kwa kipimo cha Kiswahili wote wawili wamo, na huenda wa pili alitoa zaidi.

Ukumbusho mwingine wa uuguzi wa vita haukuandikwa juu ya jiwe, ulichezwa. Ngoma ya beni ilianza katika miji ya pwani, ikapelekwa bara na askari na wapagazi, ikiwa na vyeo vyake, mavazi yake na mashindano yake. Terence Ranger aliifuata safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Mzao wake mmoja ni kalela, ambayo J. Clyde Mitchell aliieleza mwaka 1956 kama alivyoiona katika machimbo ya shaba huko Luanshya. Katika kundi hilo alikuwamo mmoja aliyeitwa daktari, amevaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu, na alikuwamo mwanamke mmoja tu, amevaa nyeupe, aliyeitwa sista wa hospitali. Kazi yake ilikuwa kuwapitia wachezaji na kioo na leso, wajiangalie kama wako nadhifu. Wengine wamesema kwamba ngoma za namna hii ni kumwigiza mtawala. Pengine. Lakini angalia waigizaji walichokikumbuka. Katika kikosi chao, ambacho hakikuwa na mshahara wala bunduki, waliona kwamba jeshi halikamiliki bila ya mtu wa kuwatazama wenzake. Sanamu ya 1927 ilimsahau mtu huyo. Ngoma haikumsahau.

Vita vya pili havikubadilisha mpango huo wa kukumbuka na kusahau. Mwezi Februari 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikichukua wapiganaji wa mizinga wa Afrika ya Mashariki pamoja na masista wa hospitali ya jeshi na wanawake wengine wa utumishi, wakiwamo wa kikosi cha kujitolea cha wanawake. Tarehe 12 ya mwezi huo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Kati ya watu 1,511 walikufa 1,297, na wanawake katika hao walikuwa 77. Wanawake hao wana majina yao, kwa kuwa walikuwa na sare, na mwenye sare yumo katika daftari. Ni haki yao. Lakini yaonyesha tena kwamba katika vita jina hufuata nguo.

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa yake yenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na walio wengi walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Taarifa hiyo inairudisha hoja kwenye ahadi ya mwisho ya sanamu. Ahadi inahusu jina. Katika jiwe lote la Mtaa wa Samora hamna jina la mpagazi hata mmoja. Wanao watalikumbuka jina lako, lakini jiwe halitawasaidia.

Yawezekana kusema kwamba uhakiki huu umekipa Kiswahili sifa nyingi kupita haki yake. Neno watu linamwingiza kila mtu, ni kweli. Lakini neno linalomfunika kila mtu halimwonyeshi yeyote. Mwanamke aliyeingia katika watu wengine wote amepata nafasi pasipo kupata uso. Hoja hii ni nzito na haifai kukwepwa. Usawa wa ngeli si usawa wa kukumbukwa. Lugha isiyotaja jinsia inaweza kumstahi mwanamke, na inaweza vile vile kumfanya asionekane huku msomaji akidhani amekwisha kutendewa haki. Kwa hiyo hukumu iwe hivi: maandishi ya Kiswahili ni bora kuliko ya Kiingereza kwa kuwa hayamfungii mtu nje, lakini ubora huo ni nafasi iliyoachwa wazi, nayo haijajazwa.

Kuijaza hakuhitaji nyundo wala patasi. Jiwe na libaki lilivyo, maana nalo ni ushahidi wa zama zake. Kazi iko kwingine. Kamusi zetu, zinapoeleza muuguzi, zisiishie kwa aliyefunzwa na kuajiriwa, bali ziandike pia maana ambayo kitenzi kinaihifadhi. Walimu wanaowapeleka wanafunzi kuitazama sanamu wawasomeshe maandishi yote mawili, wawaulize kwa nini moja limesema wanaume na jingine watu. Na wachunguzi wa Kiswahili, ambao mara nyingi huwatafuta wazee kwa ajili ya tenzi na methali, wawaulize vile vile habari za bibi zao: nani alimfuata nani vitani, alibeba nini, alimuuguza nani, na alizikwa wapi. Ziko familia za Kiwalani, Temeke na Kinondoni ambazo asili yao ni kambi na mabarabara ya vita vile, na simulizi hazikai milele. Msafiri wa Kiwalani ataendelea kupita mbele ya yule askari wa shaba kila siku. Akijua kulisoma neno watu, atajua pia kwamba nyuma ya askari huyo palikuwa na mtu aliyekuwa akiuguza.